Njia za Kutokea: Sheria za Kifungo Zilivyofika Kidete

Kidete hatuna gereza. Anayekamatwa huku hupelekwa Kilosa, na akihukumiwa kifungo kirefu huenda mbali zaidi, Morogoro au Isanga kule Dodoma. Kwa hiyo sisi watu wa bonde la Mkondoa gereza tunalijua kwa siku mbili tu, siku mtu anayochukuliwa na siku anayorudi. Ukimuuliza mzee wa hapa habari za sheria za magereza, hatakutajia kifungu wala mwaka. Atakutajia watu na namna kila mmoja alivyotoka: fulani alimaliza, fulani alipata msamaha wa Rais, fulani alipewa kifungo cha nje, na fulani ndiyo hivyo, tuliletewa taarifa.

Mimi ni mtoto wa stesheni. Baba yangu alikuwa katika gengi la reli, wale waliokuwa wakishindilia kokoto na kubadili mataruma kila mvua ilipobomoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na mvua ya bonde hili haikuwahi kuwanyima kazi. Nilipokua niliingia Jeshi la Magereza. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika ofisi ya kumbukumbu ya gereza moja mkoani Morogoro, napokea hati za mahakama, naandika daftari, nakokotoa tarehe ya kila mfungwa kutoka. Mtu akikaa na daftari kama lile muda mrefu, ataona jambo ambalo aliyeko nje halioni. Katika nchi yetu, tangu Mjerumani hadi leo, sheria imekuwa hodari sana katika kumpa mfungwa kazi, na dhaifu katika kumpa njia ya kurudi kwao. Njia ya kurudi tumeizoea kama huruma ya mkubwa. Hata pale sheria ilipoiandika kuwa utaratibu, wananchi hatukuishika.

Nianze mbali kidogo. Kabla ya kuwapo boma, watu wa milima hii, Wasagara na Wakaguru, walikuwa na hesabu yao ya makosa. Ukoo kwetu hufuatwa upande wa mama, na aliyeua au kujeruhi alikuwa ameutia deni ukoo wote wa mama yake. Mjomba ndiye aliyesimama kujibu. Fidia ililipwa kwa mifugo, na wazee wanasimulia hata mtu kuwekwa rehani pale mali ilipopungua. Sina nia ya kuupamba wakati huo. Njia ya misafara ya pwani, ile waliyopita Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, ilipanda bondeni humu humu, na mtu asiyekuwa na ukoo wa kumlipia angeweza kuishia kuuzwa. Lakini deni likishalipwa, shauri lilikuwa limekwisha, na aliyekosa alibaki pale pale kijijini akilima shamba lake. Hakuwa na mahali pa kutoka kwa sababu hakuwa amewekwa mahali.

Mjerumani alileta mahali. Alijenga boma Kilosa, na kwa amri ya Chansela ya mwaka 1896 akapanga adhabu za wenyeji: viboko, faini, kifungo cha kazi, mnyororo na kunyongwa. Viboko havikuzidi 25 kwa mkupuo mmoja, na ndiyo asili ya ile "hamsa ishirini" ambayo babu zetu waliitaja mpaka wanakufa. Wanawake hawakuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Aliyefungwa mnyororo alivishwa pete ya chuma shingoni, na mnyororo mmoja ukawaunganisha watu kadhaa, wakatembea pamoja, wakachota maji pamoja, wakafyeka barabara pamoja, wakalala pamoja. Mmoja akitaka kwenda haja, wote wanasimama.

Jambo la kulitazama kwa makini ni nani aliyehukumu. Mkuu wa wilaya alikuwa hakimu, na huyo huyo ndiye aliyetakiwa kuhakikisha barabara zimefyekwa na boma limejengwa. Akihitaji mikono, mikono ilikuwa mahakamani pake. Baada ya Vita vya Maji Maji, jamii zilizoshindwa zilitozwa faini, na wasioweza kulipa wakapewa kazi za adhabu. Wakati huo reli ya kati ilikuwa inapanda kutoka pwani. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, na katikati ya miaka hiyo ndipo ilipopita hapa kwetu. Mfungwa wa enzi hizo alitoka mkuu aliposema atoke, ikiwa hakuwa amekufa kwanza. Hapakuwa na bodi ya kumfikiria wala punguzo la kuhesabiwa.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, hata Wazungu waliionja. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa katika nchi ya Mjerumani walizuiliwa Kiboriani, mlima ulio juu ya Mpwapwa, ukiteremkia Gulwe stesheni ya jirani zetu. Walimu Waafrika wa misheni hizo nao walikamatwa, ila wao hawakupewa hewa ya mlimani. Agosti 1916 Waingereza wakaitwaa Kilosa.

Kuhusu Mwingereza nitasema kwa ufupi, maana mengi aliyoyaanzisha ndiyo tuliyoyarithi. Mwaka 1931 Idara ya Magereza ilitenganishwa na Polisi, na mwaka 1933 ikapata sheria yake. Katika miaka hiyo ya 1930 lilianzishwa shamba la wafungwa la Kingolwira, nje kidogo ya Morogoro, gereza lisilotegemea ukuta, ambamo wafungwa walilima mchana chini ya askari wachache. Wakubwa wa idara walijivunia sana Kingolwira, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki, kwani mtu wa shamba alikuwa na afya kuliko mtu wa selo. Lakini mkoani mwetu mfungwa hakuwa mkosaji wa kawaida tu. Kodi ya kichwa ilikuwa sheria, na aliyeshindwa kuilipa aliweza kuilipa kwa jasho, kwa kazi ya serikali. Watu wa Kilosa waliozungukwa na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa walijifunza kwamba kukosa shilingi na kuvunja sheria vilikuwa jirani. Mwaka 1947 ikatungwa sheria ya uangalizi, ambayo ilimruhusu hakimu kumwacha mkosaji nje chini ya msimamizi. Ni sheria nzuri, lakini msimamizi alihitaji mshahara na usafiri, na vyote viwili vilikuwa mjini. Kidete haikumwona.

Uhuru ulipokuja, tulitarajia milango ilegee. Ilikazwa. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila mahakama, na kutoka kwake kukawa mikononi mwa Rais huyo huyo. Mwaka uliofuata, 1963, ikapitishwa Sheria ya Adhabu za Chini. Mla rushwa, mwizi wa mali ya umma, mvunja nyumba na mwizi wa ng'ombe walipangiwa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24. Kumi na viwili vilichapwa siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikumbusha sheria hii katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 pale Mbeya, akasema vile vya kutokea vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mke. Watu wakacheka, na mpaka leo wanacheka.

Waliokuwa karibu na jambo hili hawakucheka sana. Askari wenzangu wa zamani, walionitangulia kazini, walinieleza siku hiyo ilivyokuwa. Mfungwa alikwishamaliza kifungo chake. Nguo zake za kiraia zimetolewa stoo, zinanuka ukungu, amesaini kwa dole gumba kwamba amezipokea. Daktari anampima kama anaweza kuhimili. Kisha anafungwa kwenye benchi la viboko, anahesabiwa kumi na viwili, anavaa suruali juu ya maumivu hayo na kupewa waranti ya treni. Mtu wa namna hiyo alisafiri daraja la tatu amesimama, kutoka Morogoro mpaka Kidete, ingawa nafasi za kukaa zilikuwapo. Fikiria anavyofika. Sheria ilikuwa imeifanya siku ya kutoka kuwa siku ya adhabu, na kijiji kilimpokea mtu aliyetoka kuchapwa asubuhi ile. Viboko vya lazima viliondolewa mwaka 1972 sheria ilipoandikwa upya, vikarudishwa kwa baadhi ya makosa mwaka 1989.

Sheria iliyoongoza kalamu yangu kila siku ilikuwa nyingine, Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, ambayo mpaka leo ndiyo Sura ya 58. Raia wengi hawaijui, na ndiyo yenye haki kubwa kuliko zote kwa mfungwa wa kawaida. Kifungu chake cha 49 kinampa punguzo la theluthi moja ya kifungo, kwa tabia njema na bidii ya kazi. Tuseme mtu amehukumiwa miaka sita tarehe 10 Machi 1986. Karani anachukua penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu tarehe hubadilika. Anaandika kwanza tarehe ya mwisho kabisa, 9 Machi 1992. Anatoa theluthi, yaani miaka miwili. Anaandika chini yake 9 Machi 1990. Hiyo ya chini ndiyo mfungwa anayoishika kichwani, hata kama hajui kusoma. Niliwahi kuwa na wazee wasiojua herufi moja, lakini ukiwaamsha usiku wa manane wanakutajia siku, mwezi na mwaka. Akifanya kosa la ndani, akapigana au akakutwa na bangi, anaweza kunyang'anywa sehemu ya punguzo, na karani anafuta na kuandika upya. Daftari langu lilikuwa na kurasa zilizochakaa kwa ufutio mpaka karatasi ikaanza kupitisha mwanga.

Nasisitiza punguzo hili kwa sababu halikuwa hisani ya mtu. Mkuu wa gereza hakuliomba kwa yeyote wala mfungwa hakupiga magoti. Lilihesabiwa siku ya kwanza, mtu akiwa bado na vumbi la karandinga miguuni. Kwa punguzo hilo mkosaji wa kawaida wa Kidete aliingia gerezani huku tarehe yake ya kutoka ikiwa imeandikwa kwa hesabu inayojulikana.

Lakini miaka ile ile serikali iliendelea kufunga kwingine. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya kuwahamishia makazi maalumu wakosaji sugu, yaani mtu akimaliza kifungo anaweza kupelekwa mahali pengine badala ya kwao. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Magereza la Uzalishaji Mali, ili mashamba na karakana ziendeshwe kibiashara. Hapo kazi ya mfungwa ikapata ofisi, vitabu vya hesabu na malengo ya mwaka. Kurudi kwake nyumbani hakukupata hata dawati.

Wapo wanaouliza kama kazi ile ilimfaa mfungwa. Ilimfaa aliyebahatika. Gereza la Ruanda kule Mbeya lina chuo cha ufundi, na mtu anaweza kuingia akiwa mwizi wa kuku akatoka fundi seremala. Lakini walio wengi walirudi na ujuzi wa jembe, ambao mtoto wa Kidete huwa nao tangu utotoni. Katika wilaya yetu ya Kilosa shamba kubwa ni Mbigiri. Leo pale kuna kiwanda cha sukari cha Mkulazi, cha ubia ambao NSSF ina asilimia 96 na shirika la Magereza asilimia 4, kilichozinduliwa mwaka 2024. Julai 2018 Rais Magufuli, akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alitaka wafungwa wafanye kazi usiku na mchana na magereza yajilishe yenyewe. Mtu aliyesoma historia ya boma la Kilosa angeisikia hotuba ile na kutambua kwamba hoja ya mikono ya bure haijawahi kukosa msemaji. Nasema hivi bila kumvunjia heshima mtu. Chakula cha gerezani ni gharama, na mfungwa anayekaa bila kazi huharibika haraka. Ninachouliza ni kwa nini kila kiongozi anayefika huulizia shamba kwanza.

Tofauti na huku bara, wenzetu wa Zanzibar, kwa sheria yao ya mwaka 1980, waliyaweka magereza yao kuwa vyuo vya mafunzo. Aliyekaa ndani atakuambia ukuta ni ukuta. Hata hivyo sheria ikitamka kwamba kazi ya mahali fulani ni kufundisha, raia anapata mahali pa kuikamatia ahadi hiyo.

Huku kwetu mabadiliko makubwa ya njia ya kutoka yalikuja na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huo Augustino Mrema ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 2016, akateuliwa kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, nafasi aliyoishika mpaka alipofariki Agosti 2022. Sheria ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990 na ikarekebishwa mwaka 2002. Kwa utaratibu wake, mfungwa wa kifungo cha miaka minne au zaidi, akishatumikia theluthi moja na tabia yake ikiwa njema, anaweza kufikiriwa kumalizia kifungo nyumbani chini ya masharti. Jina lake linapita bodi ya mkoa, linakwenda bodi ya taifa, na uamuzi unamalizikia kwa Waziri. Akitoka, anaripoti anakoelekezwa, haondoki eneo lake bila ruhusa, na akivunja sharti anarudi ndani.

Rudi kwa yule wetu wa miaka sita, tuseme sasa amehukumiwa baada ya sheria hii. Punguzo la kawaida lingemtoa baada ya miaka minne. Parole ingeweza kumtoa baada ya miwili. Miaka miwili ni misimu miwili ya vitunguu bondeni, ni mtoto kuanza darasa la kwanza baba akiwapo. Si jambo dogo.

Uzuri wa parole, kwa macho yangu mimi mtu wa bonde hili, uko katika jambo ambalo wengi huliona usumbufu. Kabla mtu hajaachiwa, kwao huulizwa. Mahusiano yake na jamii aliyoikosea huangaliwa. Aliyeibiwa anasemaje, ndugu wako tayari kumpokea, atakaa wapi, atakula nini. Kwa mara ya kwanza tangu Mjerumani ajenge boma, sheria ya serikali ilirudi kugonga mlango wa mjomba.

Ubaya wake ni milango iliyofungwa. Mwenye kifungo cha maisha hafikiriwi. Mwenye unyang'anyi wa kutumia silaha hafikiriwi, wala mwenye dawa za kulevya, wala mwenye makosa ya kubaka na kulawiti. Sababu zake zinaeleweka, na waliotendewa makosa hayo wana haki ya kulindwa. Lakini tazama sheria nyingine zilizopita njia hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilileta kifungo cha miaka 30, na unyang'anyi wa silaha nao ukapewa isiyopungua 30. Vijana wakaanza kuhesabu mvua badala ya miaka: fulani kala mvua thelathini. Bunge moja lilifungua parole na kurefusha vifungo vya wale wasioruhusiwa kuiomba. Wanaojaza magereza kwa muda mrefu ndio parole isiowagusa.

Mwaka 2002, ule ule parole iliporekebishwa, ikaja Sheria ya Huduma kwa Jamii. Aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kukitumikia nje, kwa kazi isiyo na malipo katika shule, zahanati au barabara ya karibu na kwao. Hii nimeiona kwa macho baada ya kustaafu. Kijana wa jirani alifyeka nyasi za shule ya msingi, akachimba mashimo ya miche, na mtendaji wa kijiji akawa anatia saini karatasi yake. Siku za mwanzo wanafunzi walimzomea. Baadaye walimzoea, na mwalimu mkuu akawa anamwita aje kurekebisha madawati hata siku zisizo zake. Alimaliza bila kulala gerezani hata usiku mmoja. Mama yake aliendelea kula kwa mikono ya mwanawe.

Sasa linganisha njia hizo mbili za kisheria na msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, na kwa desturi huutumia sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba, au ya Muungano, 26 Aprili. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walitoka papo hapo, wengine wakapunguziwa vifungo. Mwaka 2019 walikuwa 5,533. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe 5,001. Matangazo haya huwa na orodha inayofanana: wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa mahututi, wajawazito na wanaonyonyesha, walemavu, na wengine kupunguziwa sehemu ya kifungo, moja ya sita kwa mfano, juu ya ile theluthi ya kifungu cha 49. Msamaha unaweza pia kufika pale parole isipofika. Mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu mwaka 2004, walitoka kwa msamaha wa 2017. Kwa utaratibu wa parole wasingefikiriwa.

Usiku wa kuamkia sikukuu hizo Kidete nzima husikiliza redio. Hata mwenye ndugu mwenye mvua thelathini husikiliza. Sijawahi kuona mtu yeyote bondeni humu akisikiliza redio kwa ajili ya bodi ya parole. Huruma ya siku moja imejulikana kuliko utaratibu wa mwaka mzima, kwa sababu huruma hutangazwa na utaratibu haukutangazwa.

Na huruma ina kasoro moja ambayo daftari halionyeshi. Haigongi mlango wa mtu yeyote kabla. Mwaka mmoja alirudi kwa msamaha mtu aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe. Aliteremka treni ya usiku. Hakwenda moja kwa moja nyumbani, maana aliyewahi kuiba akionekana anapita mashambani gizani anajitafutia kifo. Alikaa kwenye benchi la stesheni na furushi lake mpaka kukapambazuka, watu wamwone vizuri. Wiki hiyo hiyo mwenye ng'ombe alimkuta mnadani akinunua chumvi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwizi wake ametoka. Zilitoka fimbo, na kama si wazee tungezika. Mwenyekiti wa kitongoji aliita kikao, mjomba wa yule bwana akasimama, akasema, "Baba zangu, mimi ndiye niliyebaki upande wa mama yake. Semeni." Alitozwa mbuzi na debe la mahindi. Serikali haikuwa inamdai kitu, lakini bila mbuzi yule asingekaa. Ameishi hapa tangu siku hiyo na wajukuu wake wanasoma.

Julai 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais taarifa yake, na katika mapendekezo yake ilitaka magereza yaelekee zaidi kwenye urekebishaji. Ni maneno mema. Kwa uzoefu wangu, urekebishaji huamuliwa sana na kinachotokea wiki ya kwanza baada ya lango. Kama sheria mpya zitaandikwa, naomba ziweke mambo mawili. La kwanza, tarehe ambayo mfungwa anafikia theluthi ya kufikiriwa parole iandikwe kwenye jalada lake siku ya kwanza, kama inavyoandikwa tarehe ya punguzo, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji chake. La pili, anayetoka kwa msamaha kijiji kijulishwe kabla hajateremka treni, na aliyekosewa awe wa kwanza kuambiwa.

Wakati tunasubiri hayo, wewe mwenye ndugu gerezani una la kufanya. Tafuta hati ya hukumu uijue tarehe na urefu wa kifungo. Gawa kwa tatu. Kama ni miaka minne au zaidi, na kosa si miongoni mwa yale yaliyozuiwa, nenda ukamuulize mkuu wa gereza kama jina la ndugu yako limefikiriwa kwa parole, kisha uwaone ustawi wa jamii wilayani. Kabla ya hapo pita kwa yule ambaye ndugu yako alimkosea, kaa naye, mzungumze, kwa sababu ataulizwa. Ukishafanya hivyo, washa redio yako tarehe 9 Desemba ukipenda. Hutakuwa umeiachia kazi yote.